Majina na Maarifa: Historia ya Uchunguzi wa Ubongo, Tezi ya Pituitari na Homoni ya Ukuaji

Miaka michache iliyopita tabibu mmoja alinijia na karatasi ambayo yeye na wenzake walikuwa wakiitumia kuzungumza na wazazi wa watoto wasioongezeka kimo kama watoto wa rika lao. Karatasi hiyo ilikuwa imefasiriwa kutoka Kiingereza neno kwa neno, nayo ilikuwa imekwisha kuleta matata. Mama mmoja, aliposomewa kwamba mwanawe ana upungufu katika tezi ya ubongo, alilia sana, kwa kuwa alifahamu mambo mawili: kwanza kwamba mtoto ana uvimbe, maana katika masikio ya watu wengi tezi ni uvimbe, au ni rovu la shingoni, na pili kwamba mtoto ana wazimu, maana ubongo ndio makao ya akili. Tabibu hakukusudia hata moja katika hayo mawili.

Nilipoketi kuisahihisha karatasi ile niliona upesi kwamba kosa halikuwa la mfasiri peke yake. Majina aliyoyafasiri yalikuwa na makosa yake tangu huko yalikotoka. Kila jina lilitungwa siku ambayo watu walijua sehemu tu ya jambo, kisha elimu ikasonga mbele na jina likabaki palepale. Nia ya makala haya, basi, ni kueleza kwa ufupi jinsi ilivyojulikana kwamba ubongo na tezi ya pituitari huongoza utoaji wa homoni ya ukuaji, na kuonyesha katika kila hatua jina lililotungwa na hali ya maarifa ya siku hizo. Mwandishi si tabibu. Ni mwanafunzi wa lugha. Lakini wale wanaounda istilahi za Kiswahili hawana budi kuijua historia hii, la sivyo watayarithi makosa ya wengine wakidhani wanarithi elimu.

I. Kamasi za ubongo

Tezi tunayoizungumzia ni ndogo sana. Uzito wake kwa mtu mzima ni kama nusu gramu, na ukubwa wake haupiti sana punje ya njegere. Inaning'inia chini ya ubongo kwa kikonyo chembamba, nayo imelala katika kishimo cha mfupa ambacho wataalamu wa maumbile walikiita tandiko la Kituruki, kwa jinsi kinavyofanana na matandiko ya farasi.

Galen, tabibu wa Kiyunani aliyeishi katika karne ya 2, alifundisha kwamba ubongo una taka zake, na kwamba taka hizo hushuka kwa kile kikonyo mpaka kwenye tezi, kisha zikatokea puani na kooni. Taka hizo Wayunani waliziita phlegma, na waandishi wa Kilatini wakaziita pituita. Andreas Vesalius, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1543 juu ya maumbile ya mwili, aliyasahihisha mengi ya Galen, lakini hili hakuligusa. Aliielezea tezi hii kuwa ndiyo inayopokea pituita ya ubongo. Hapo ndipo lilipotoka jina la pituitari, ambalo maana yake halisi ni tezi ya kamasi.

Msomaji wa Kiswahili asicheke haraka, maana jina hili ni ndugu wa neno letu wenyewe. Ile phlegma ya Wayunani ilipofasiriwa na matabibu wa Kiarabu ikawa balgham, na kwa Kiarabu ikafika katika mwambao wetu ikawa belghamu. Tunapomwambia mgonjwa kwamba kifua chake kimejaa belghamu, tunatumia neno la elimu ileile ya kale iliyoipa tezi hii jina lake. Tofauti ni kwamba kwetu neno lilibaki na makohozi, ambayo yapo kweli, na kwa Wazungu likabandikwa juu ya tezi, ambayo haina kamasi hata tone.

Katika karne ya 17 Conrad Victor Schneider wa Ujerumani alithibitisha kwamba kamasi hutoka katika utando wa pua wenyewe, wala hazishuki kutoka katika ubongo. Tangu siku hiyo jina la pituitari halina msingi. Mwaka 1778 Samuel Thomas von Sömmerring alitumia jina jingine, hypophysis, yaani kitu kilichoota chini. Jina hili ni la mahali tu, halidai kujua kazi. Kwa sababu hiyo halijapata kukanushwa. Hata hivyo la kwanza halikufa. Mpaka leo yote mawili yanatumika, na lile la uongo ndilo lililoenea zaidi katika Kiingereza na katika lugha zilizokopa kutoka Kiingereza, Kiswahili kikiwamo.

II. Ukuaji wapata mahali pake

Mwaka 1886 tabibu wa Kifaransa, Pierre Marie, aliandika habari za wagonjwa ambao mikono, miguu na taya zao zilikuwa zikizidi kunenepa ingawa walikuwa watu wazima. Ugonjwa huo aliuita akromegali, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya ncha na ukubwa. Mwaka uliofuata Oskar Minkowski aliunganisha ugonjwa huo na kuvimba kwa tezi ya pituitari. Lakini watu hawakuafikiana kama tezi ilikuwa chanzo au ilikuwa imevimba tu pamoja na viungo vingine, na kama kosa lake lilikuwa kuzidisha kazi au kupunguza.

Neno la kuliendea swali hilo lilikuwa halijazaliwa. Mwaka 1902 Waingereza wawili, William Bayliss na Ernest Starling, walionyesha kwamba utumbo hupeleka habari kwa kongosho kwa njia ya damu, bila ya msaada wa mishipa ya fahamu. Mwaka 1905 Starling alivipa vitu vya namna hiyo jina la homoni, kutokana na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kuamsha au kuchochea. Jina hili nalo lilikuwa na mipaka yake, maana baadaye zilionekana homoni ambazo kazi yake ni kutuliza na kuzuia. Yaani jambo linaitwa kichocheo ilhali ni kizuizi.

Harvey Cushing, mpasuaji wa Marekani, alipunguza kwa upasuaji tezi ya mgonjwa wa akromegali mwaka 1909 na hali ya mgonjwa ikapata nafuu. Kitabu chake cha mwaka 1912 kikaimarisha rai kwamba majitu yana tezi iliyozidi kufanya kazi, na baadhi ya vibeti wana tezi iliyopungua. Kisha mwaka 1921, huko Berkeley katika California, Herbert Evans na Joseph Long walichukua pituitari za ng'ombe, wakakamua maji ya sehemu ya mbele, na kuwadunga panya kila siku. Panya waliodungwa walikua wakawapita kwa mbali ndugu zao wa tumbo moja. Kazi ya kukitenga kitu chenyewe ilichukua zaidi ya miaka 20. Choh Hao Li na Evans waliipata homoni safi ya ng'ombe katikati ya miaka ya 1940.

Hapo likatokea jambo lisilotazamiwa. Homoni ya ng'ombe iliyowakuza panya haikumkuza binadamu. Mwili wa mtu hukubali homoni ya mtu, au ya jamaa zake wa karibu katika jamii ya nyani. Homoni ya binadamu ilitengwa mwaka 1956, na mwaka 1958 Maurice Raben wa Boston alieleza jinsi alivyomtibu kijana mmoja akaanza kurefuka. Tangu hapo dawa ilipatikana kwa njia moja tu, kukusanya pituitari za maiti. Mwaka 1985 iligunduliwa kwamba baadhi ya vijana waliotibiwa kwa dawa hiyo walikufa kwa ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob, waliouambukizwa na maiti waliotolewa tezi. Dawa ile ikasimamishwa, na mwaka huohuo Marekani ikaruhusu homoni iliyotengenezwa na bakteria waliobadilishwa urithi wao.

III. Bwana au mtumishi?

Kwa kuwa pituitari ilionekana kuamrisha ukuaji, uzazi, tezi ya thairoidi na mengine mengi, waandishi walianza kuisifu. Katika miaka ya 1930 tabibu wa Kiingereza, Walter Langdon-Brown, aliilinganisha na kiongozi wa kundi la wapiga muziki, na wengine wakaiita bwana wa tezi zote. Sifa hiyo bado inasomwa katika vitabu vya shule.

Lakini wakati sifa hizo zinatungwa, dalili za kuikanusha zilikuwa zimekwisha kuonekana. Sehemu ya ubongo iliyo juu ya tezi ilikuwa imepewa jina la haipothalamasi na Wilhelm His mwaka 1893, yaani chini ya chumba cha ndani, nalo ni jina la mahali. Mwaka 1930, Gregor Popa na Una Fielding, wakifanya kazi London, walieleza mishipa midogo ya damu inayounganisha ubongo na pituitari kwa kupitia kile kikonyo. Wao walidhani kwamba damu hupanda kutoka kwenye tezi kwenda katika ubongo. Mwaka 1935 Bernardo Houssay na wenzake wa Argentina waliitazama mishipa hiyo katika chura aliye hai wakaona damu inashuka. Swali la damu kupanda au kushuka laweza kuonekana dogo, lakini ndilo swali la nani anampa nani amri.

Aliyelishika swali hilo mpaka mwisho ni Mwingereza Geoffrey Harris. Yeye na John Green waliiona damu ikishuka katika panya hai. Mwaka 1952 Harris na Dora Jacobsohn waliwatoa panya majike pituitari zao, kisha wakapandikiza tezi nyingine. Zilizowekwa chini ya haipothalamasi, mahali ambapo ile mishipa midogo iliweza kuzifikia, zilifanya kazi, na panya wakarudia hali yao ya uzazi. Zilizowekwa mahali pengine chini ya ubongo, ingawa zilipata damu ya kutosha, hazikufanya kazi ipasavyo. Basi tezi haijitawali. Solly Zuckerman alipinga kwa nguvu. Alionyesha fereti, mnyama wa jamii ya kicheche, ambao kikonyo chao kilikatwa na bado wakaitikia mwanga kama kawaida. Harris na wenzake walijibu kwamba mishipa iliyokatwa huota tena, na kwamba ikizuiwa kuota, kazi husimama. Hoja zote hizo zilihusu uzazi, lakini njia iliyofunguliwa ilikuwa moja kwa homoni zote za sehemu ya mbele ya tezi, pamoja na ile ya ukuaji.

IV. Kuchochea na kuzuia

Kama ubongo huamrisha kwa njia ya damu, hapana budi uwe unatia katika damu hiyo kitu fulani. Kukitafuta kitu hicho kulichukua miaka mingi na ubongo wa kondoo na nguruwe kwa mamia ya maelfu. Timu mbili zilishindana huko Marekani, ya Roger Guillemin na ya Andrew Schally. Mwaka 1969 zote zilifahamu muundo wa homoni ya kwanza ya haipothalamasi, ile inayohusu thairoidi, na mwaka 1977 mabwana hao wawili walishiriki tuzo ya Nobel pamoja na Bibi Rosalyn Yalow, mvumbuzi wa njia ya kupima homoni zilizo haba sana katika damu.

Njia hiyo ya kupima ilifunua mengi. Mwaka 1963 ilionekana kwamba sukari ikishuka katika damu, homoni ya ukuaji hupanda. Mwaka 1968 ikaonekana kwamba kiasi kikubwa hutolewa usiku, katika usingizi mzito wa mwanzo. Homoni hii haitiririki kama mto. Hutoka kwa mawimbi, na baina ya wimbi na wimbi huwa kidogo mno. Jambo linalokuja na kupoa namna hiyo lahitaji msukumo na breki pia.

Watafutaji walikuwa wakiutafuta msukumo. Walichokipata kwanza ni breki. Mwaka 1973 Paul Brazeau na wenzake, katika maabara ya Guillemin huko California, walikuwa wakisaka kichocheo cha homoni ya ukuaji wakakuta kitu cha asidi amino 14 kinachoizuia. Wakakiita somatostatini, kwa maneno yenye maana ya mwili na kusimamisha. Haukupita muda mrefu kikaonekana pia katika kongosho na matumbo, kikizuia insulini na homoni nyingine kadha wa kadha. Jina lilikuwa limetaja kazi moja tu katika kazi zake nyingi, ile iliyotangulia kujulikana.

Kichocheo chenyewe kilipatikana mwaka 1982, na wala hakikupatikana katika ubongo. Wagonjwa wawili wa akromegali, mmoja Ufaransa na mmoja Marekani, hawakuwa na uvimbe katika pituitari bali katika kongosho. Uvimbe huo ulikuwa ukitengeneza kwa wingi kitu kilekile ambacho haipothalamasi hukitoa kwa uchache, na kutoka humo timu ya Guillemin na ile ya Jean Rivier na Wylie Vale zikautambua muundo wake. Yaani barua ya ubongo ilisomwa kwanza katika nakala iliyoandikwa kimakosa tumboni.

V. Ini na tumbo la chakula

Wakati huohuo ilidhihirika kwamba homoni ya ukuaji haifanyi kazi yake peke yake. Mwaka 1957 William Salmon na William Daughaday walionyesha kwamba gegedu la mifupa halifuati homoni hiyo moja kwa moja, bali hufuata kitu kingine kinachozaliwa katika damu kwa ajili yake. Kitu hicho, ambacho hutengenezwa zaidi na ini, kilibadilishwa jina mara kadhaa mpaka mwaka 1978, muundo wake ulipofahamika na kuonekana kuwa unafanana na insulini. Kazi yake haiishii katika mifupa. Kikizidi katika damu huirudia pituitari na haipothalamasi na kuziambia zipunguze. Hivyo anayeamriwa huwa naye anatoa amri.

Mwisho, mwaka 1999, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani walitangaza homoni nyingine inayoamsha utoaji wa homoni ya ukuaji, nao waliikuta katika tumbo la chakula la panya. Waliiita ghrelini, kwa kutumia ghre, mzizi wenye maana ya kukua katika lugha-mama ya jamii ya Kihindi-Kiulaya. Sisi wanaisimu tunaujua mzizi wa namna hiyo: ni ule unaoandikwa kwa kinyota mbele yake, kwa kuwa hakuna aliyepata kuusikia wala kuusoma. Baada ya miaka michache ilifahamika kwamba ghrelini huamsha njaa, na panya waliozaliwa bila hiyo walikua karibu sawa na wenzao. Jina jipya kabisa, lililotungwa na mabingwa kwa uangalifu wote, lilikuwa limefuata njia ya pituita: limeitaja kazi iliyojulikana siku ile.

VI. Mafunzo kwa waundaji wa istilahi

Katika historia hii majina yaliyodumu bila kukanushwa ni yale ya mahali, kama hypophysis na haipothalamasi. Yaliyokanushwa au kupunguzwa nguvu ni yale yaliyotangaza kazi au cheo. Kwa Kiswahili naona yatokanayo na jambo hili ni matatu.

Kwanza, pituitari na likopwe kwa sauti yake. Kwetu neno hili halina maana nyingine, na uongo wake wa kale umelala usingizi. Kulifasiri ni kuuamsha. Wala tusiibandike tezi hii jina la tezi kuu, maana ukuu huo ulikwisha kukanushwa tangu miaka ya 1950. Anayetaka maelezo ya Kiswahili na aseme tezi iliyo chini ya ubongo, wala asiseme tezi ya ubongo. Maneno chini ya yana maana mbili katika lugha yetu, ya mahali na ya utii, na hapa zote mbili ni kweli.

Pili, lugha yetu hupambanua kua na kuza, jambo ambalo Kiingereza hulificha katika neno moja. Homoni haikui, inakuza. Tena hukuza zaidi kwa kulituma ini. Kwa hiyo homoni ya ukuzaji lingekuwa jina sahihi kuliko homoni ya ukuaji. Najua la pili limekwisha kuzoeleka, na mazoea yana haki yake, ndiyo maana nimelitumia katika makala haya. Lakini hiari ilikuwapo, na waliotangulia hawakuitazama kwa kuwa Kiingereza hakikuwaonyesha.

Tatu, tujihadhari na mnyororo wa kiunganishi -a. Katika karatasi ya yule tabibu palikuwa na maneno homoni ya kutoa homoni ya ukuaji. Mwalimu wa hesabu atasema kwamba kutoa ni kupunguza, na mzazi atafahamu kwamba mtoto ananyang'anywa homoni yake. Kichocheo cha homoni ya ukuaji ni wazi zaidi. Kwa somatostatini, neno kizuizi litamsaidia mzazi katika mazungumzo, ila katika kamusi na libaki somatostatini, kwa sababu kazi zake ni nyingi, na huenda zikaongezeka.

Karatasi ile iliandikwa upya. Sehemu iliyomliza yule mama sasa inasema hivi: Chini ya ubongo wa kila mtu pana kitu kidogo kama punje ya njegere, nacho hutia katika damu kitu kinachomkuza mtoto. Kwa mtoto wako kitu hicho ni kichache. Akili yake ni nzima, na hana uvimbe. Tabibu alinieleza kwamba wazazi sasa huuliza juu ya dawa, ambapo zamani waliuliza juu ya wazimu.

Huenda wako wasomaji wa jarida hili, khasa walimu wa vyuo vya tiba, walio na majina bora kuliko haya niliyoyapendekeza. Nitafurahi kuyapokea na kusahihishwa.